Miguu Minane Mezani kwa Shangazi

Jumamosi iliyopita Shangazi Koku na Anko Kamau walikuja Lewisville, Texas, kutusalimia. Kwa kuwa ni mwaka huu wa barakoa, kusalimiana kwenyewe kulifanyika kwenye maegesho ya apatimenti zetu, wao wameegemea gari lao, sisi tumeegemea letu, na katikati tumeacha nafasi mbili wazi kama vile kuna mgonjwa kalazwa pale. Shangazi ni nesi, na kwa mambo anayoyaona wodini mwaka huu hakuniruhusu hata nimsogelee. Tulikuwa hatujaonana tangu Krismasi. Nilitaka kusema kitu cha maana, ila Anko Kamau alikuwa amevaa lile shati lake la kitenge, la kijani lenye tausi wa njano, kola imeanza kuchoka, na mimi nikiliona lile shati maana yote hunitoka kichwani. Nikamwambia, "Anko, shikamoo." Akanijibu kama anavyonijibu siku zote, "Poa." Kisha akavua kiatu kimoja palepale kwenye lami, akakikung'uta, akachungulia ndani, akakivaa tena. Tukacheka mpaka jirani akafungua dirisha. Mdogo wangu akauliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kuna nini cha kuchekesha, na hakuna aliyeweza kumjibu kwa kifupi.

Najua mtu anayeandika kumbukumbu za maisha anatakiwa awe na mvi, na wajukuu wa kuwachosha. Mimi nina miaka kumi na saba na chunusi. Lakini shule siku hizi ni mimi na kompyuta kwenye meza ya jikoni, mwalimu amegeuka kisanduku kidogo kinachogandaganda, na muda ninao. Mwaka ninaoutaka ni 2018, nilipokuwa na miaka kumi na mitano, mwaka ambao nilijua habari za watu wanaokula nge na buibui kuliko nilivyojua hesabu. Matokeo yangu ya hesabu yalilithibitisha hilo.

Ilianzia kwenye somo la jiografia. Mwalimu alitaka kila mtu achague chakula kimoja cha duniani, atengeneze bango, alieleze mbele ya darasa. Wenzangu wakakimbilia piza na sushi. Zamu yangu ilipofika nikasema buibui, nikitegemea kutolewa nje. Yeye akaandika jina langu, akaandika buibui, akaongeza "na nge, usije ukaishiwa," akaendelea na mwingine. Huo ndio ubaya wa walimu wenye akili. Nikaanza kusoma kwa hasira, na hasira ikaondoka bila kuniaga. Nikasoma kuhusu mji mmoja wa Kambodia ambako msafiri akishuka kwenye basi anakutana na masinia ya buibui wa kukaanga, weusi, wanang'aa mafuta, miguu imepandana kama vijiti vya kuwashia moto. Nikasoma kuhusu watu wa misitu ya Venezuela wanaomchoma buibui mkubwa kama sahani, wanamfunga kwenye majani, manyoya yanaungua, na wakishamla wanachukua yale meno yake kuchokolea nyama iliyonasa kwenye meno yao. Kuna mikoa ya China wanafuga nge kama mtu anavyofuga kuku, na mgeni wa heshima akija anakaangiwa. Kilichonikaa kichwani ni kwamba karibu kila mtu niliyesoma habari zake alikuwa na mdudu wake wa heshima, na pembeni yake mwingine ambaye asingemgusa hata umshikie bunduki. Nilitaka kujua huo mstari unachorwa na nani. Darasani mtu akaniuliza kama mimi nimewahi kula. Nikajibu, "Mara nyingi," kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa. Sikuwa nimewahi hata kumshika.

Jioni hiyo nikampigia Shangazi Koku, Missouri City, pembeni mwa Houston, kumhadithia. Shangazi ni Mhaya wa Bukoba, na ile nyumba yake ndogo ilikuwa na chumba kimoja tu cha maana, jikoni, kwenye meza ya mviringo iliyofunikwa plastiki ya maua ambayo mkono wako ukilala juu yake wakati wa joto unaung'oa kama plasta. Pale ndipo watu walipohukumiwa. Alisikiliza habari za buibui mpaka mwisho.

"Hao watu wana shida gani?" akauliza. Nikasikia kitu kinavunjika mdomoni mwake.

"Shangazi, unatafuna nini?"

"Senene. Wamebaki kiganja kimoja, naomboleza."

"Senene si mdudu?"

"Senene ni senene."

"Ana miguu sita, Shangazi."

"Na yote tunaing'oa. Mbawa tunang'oa, miguu tunang'oa, tunamkaanga, anakuwa karanga. Sasa wewe buibui unang'oa nini? Ukimng'oa miguu kinabaki nini, kifungo?"

Hapo lazima nieleze sheria ya Shangazi, maana ndiyo iliyobeba mambo yote. Zamani kwao, alituhadithia mara nyingi, wanawake ndio walioamka kuokota senene, wakawasafisha, wakawakaanga, wakampelekea mume. Wao wenyewe hawakuruhusiwa kula. Ila mume naye hakula bure. Aliyekula senene alitoa nguo, gauni au kitenge kipya, na mwanamke akaivaa watu waione. Shangazi alisema ule mwiko wa wanawake kutokula aliuacha uwanja wa ndege siku anaondoka, lakini ile sehemu ya nguo alisafiri nayo. Mwanaume yeyote aliyemtaka alikuwa anawekewa sahani ya senene. Kabla ya Anko Kamau kulikuwa na injinia mmoja mwenye meno mazuri, aliwapiga picha wale senene akazituma kwenye kundi la rafiki zake, simu ikaanza kulia ting ting ting ya vicheko mezani palepale. Shangazi akamfungia chakula chake kwenye foili, akampa, akamfungulia mlango. "Anayecheka chakula cha kwetu, akifika kwetu atatucheka wenyewe," alisema. Alikuwa na miaka thelathini na tisa na hakuwa anatania.

Sasa Anko Kamau. Yeye ni Mkenya wa Nakuru, na wakati huo aliishi Euless, karibu na Dallas, kwenye apatimenti zilizo chini ya njia ya ndege, ambako mazungumzo yanasimama ndege ikipita kisha yanaendelea kwenye neno lilelile lililokatika. Alifanya kazi kwenye ghala la mizigo. Ni mkubwa wa mwili, ana sauti ya kwaya, na aliogopa vidudu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Wiki yake ya kwanza Texas alikuta nge ndani ya buti. Nge wa huku ni mdogo, ana rangi ya chai ya maziwa, anauma bila kuua, lakini Anko Kamau hakusubiri maelezo hayo. Tangu siku hiyo kila kiatu kilikung'utwa kabla hakijavaliwa. Alikung'uta hata ndala, ambazo hazina ndani. Nilimpenda kwa sababu alikuwa mtu mzima pekee aliyecheka utani wangu kabla sijaumaliza. Kingine ni kwamba tangu aanze kuja Houston kila baada ya wiki mbili, Shangazi alikuwa anaimba akiosha vyombo, na Shangazi si mtu wa kuimba. Kwa hiyo nilijua kitakachotokea. Siku moja sahani ya senene itawekwa kwenye ile plastiki ya maua, Anko Kamau ataiona, atakunja uso kidogo tu, na nyimbo zitaisha.

Mwezi wa sita shule ilipofungwa Anko Kamau alinipitia Lewisville anipeleke kwa Shangazi nikakae likizo. Bango langu la buibui na nge nililiweka kiti cha nyuma, Shangazi alitaka kuliona ili apate kulisema vizuri. Tulikuwa hatujamaliza hata kutoka Dallas aliposhusha sauti ya redio.

"Asimwe, hebu niambie kitu. Hizo senene za Koku zinakaa aje?"

"Hajakuonyesha?"

"Anasema nitaziona kwa sahani. Anasema nikiziogopa nimeogopa kwao." Akainua macho kwenye kioo kuangalia gari la nyuma, na kioo kikampa bango langu lote, na katikati yake picha kubwa kuliko zote, buibui wa Kambodia ubavu kwa ubavu kwenye sinia. Gari liliyumba kidogo. "Ai. Ndio hizo?"

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilisema, "Miguu ndiyo tamu."

Mpaka Corsicana alishika usukani kwa mikono miwili. Nilimwangalia kwa pembeni. Nilitegemea atageuza gari, au atacheka, au ataniuliza swali moja la akili ambalo lingeuumbua mchezo wote. Yeye alikuwa anameza mate na kuhesabu kitu kimoyomoyo. Tuliposimama kununua mafuta alirudi na pipi mbili za kijiti, zile za watalii, za rangi ya kaharabu, ndani yake nge mdogo mzima kabisa kakunja mkia. "Practice," akasema. "Hii moja yako." Nikamwambia nina waya kwenye meno. Akaanza kulamba. Alilamba kupita Madisonville, akalamba kupita Huntsville, mkono mmoja kwenye usukani, jasho likimtoka na kiyoyozi kinapuliza, na kila baada ya dakika chache aliitoa pipi mdomoni akaangalia umbali uliobaki kati yake na nge. Karibu na Conroe wakakutana. Alifumba jicho moja, kwa ajili ya barabara, akatafuna.

"Ikoje?" nikauliza. Niliuliza kwa kweli. Huo utani ulikuwa umenitoka, nilitaka kujua tu.

"Kama ganda la alizeti," akasema baada ya muda. "Haina neno. Ubaya wote uko kwa macho." Kisha, "Asimwe, wewe ulizaliwa ukiona hizi vitu. Mimi nyumbani tulikula mahindi na maharagwe. Nisaidie."

Nikamtajia Bi Sophea. Bi Sophea alifanya kazi wodi moja na Shangazi, na kwao ni Kambodia. Anaishi kusini zaidi ya Missouri City, barabara inapokuwa nyembamba, kwenye sehemu ambako watu wa kwao wamejenga vibanda virefu vya plastiki na kulima majani yanayofanana na matembele mpaka Shangazi alinunua huko kila mwezi. Walikuwa marafiki wa dhati wenye jambo moja lisilozungumzwa. Siku moja Bi Sophea alileta buibui wa kukaanga kwenye chakula cha mchana cha kazini, na Shangazi akabeba sahani yake akaenda kula peke yake garini.

Tulikwenda Alhamisi ya wiki hiyo, Anko Kamau akiwa likizo na amefikia kwa rafiki yake, Shangazi akiwa zamu. Jikoni kwa Bi Sophea viatu vinaachwa mlangoni, na Anko Kamau alibaki akiviangalia viatu vyake kwa wasiwasi, vikiwa peke yao huko nje. Mezani kulikuwa na kinu cha mawe, vitunguu saumu, na chupa za mchuzi zilizopangwa kwa urefu kama watoto wa shule. Bi Sophea alitoa kwenye friji pakiti iliyoletwa na dada yake. Alituuliza, kwa Kiingereza chake cha haraka, kwa nini mwanaume mkubwa hivi anatetemeka. Anko Kamau akamweleza kwamba anafanya mazoezi, hiki ni chakula cha kwao Koku.

Bi Sophea aligeuka akaniangalia. Aliniangalia muda mrefu kidogo. Kisha akaanza kutwanga vitunguu saumu.

"Chakula cha kwao Koku," akasema. "Vizuri sana. Basi lazima ajue kukila vizuri."

Nilimwuliza maswali yote ambayo vitabu havikunijibu. Je, wote kwao wanakula? Akacheka. Dada yake aliyewaleta hagusi, hubeba mfuko kwa ncha za vidole. Na tumbo? Tumbo wengine wanaling'ata, wengine wanatupa, wakibishana kama watu wa mpira. Walianza lini? Akasema wazee wanasema walikula tangu zamani kama dawa, lakini yeye alijifunza akiwa mtoto, miaka ya njaa, mama yake alipochimba mashimoni kwa kijiti. "Siku hizo hatukuuliza ana miguu mingapi," akasema, akimwaga sukari kwenye chumvi. "Baadaye njaa ikaisha, sisi tukagundua kwamba tumewapenda." Alisema hivyo bila kubadilisha sauti, kama mtu anayetaja mahali alipozaliwa, na mafuta yakaanza kulia kwenye sufuria. Harufu iliyotoka pale ilikuwa ya kuku, ya saumu, na kitu kingine ambacho mpaka leo sijakipatia jina. Anko Kamau alikula wanne. Wa kwanza machozi yalimtoka. Wa pili alifumba macho. Wa tatu aliuliza kama kuna pilipili. Wa nne alimla akieleza habari za ghala. Bi Sophea akanisogezea sahani na mimi nikamwonyesha waya za meno. "Ndiyo," akasema, "naziona."

Wiki hiyohiyo mama mmoja wa kanisani alitua Houston kutoka Bukoba na makopo mawili ya senene wa Shangazi, na mkaguzi wa uwanja wa ndege akayafungua, akachungulia, akayafunga polepole, akayatupa. Kwa nini wale wa Bi Sophea walipita sijui. Labda waliogopa kulishika begi. Shangazi alilia kidogo, akafuta uso, akasema Jumapili tutakula ndizi na nyama, Kamau ana bahati, mtihani umeahirishwa. Nilishusha pumzi. Nilidhani mchezo umekufa wenyewe kabla haujaniua mimi. Nilichosahau ni kwamba Shangazi alimwambia na Kamau kwa simu.

Jumapili aliingia na shati lililopigwa pasi na kontena la plastiki lililofungwa kitambaa. Ndizi zilikuwa mezani, zinatoa mvuke. Aliliweka kontena katikati kwa mikono miwili.

"Nimeskia zako walizishika airport," akasema. "Sikutaka ukose. Nimekuletea."

Shangazi akafunua. Wale buibui walikuwa kumi hivi, wamepangwa vizuri, na juu yao kuna majani ya vitunguu, mkono wa Bi Sophea ule. Shangazi alisukuma kiti nyuma, miguu ya kiti ikapiga kelele.

"Kamau. Hiki ni nini?"

"Si ni senene?"

Shangazi aliweka kile kitambaa mezani. Aligeuza kichwa taratibu kuja upande wangu, na mimi nikaanza kuisoma ile plastiki ya maua, ua moja moja.

"Asimwe."

"Naam Shangazi."

"Umemwambia huyu mtu kwetu tunakula buibui?"

"Sikumwambia, Shangazi. Aliona bango."

Anko Kamau alituangalia mmoja baada ya mwingine. Ilimwingia polepole, niliona inavyoshuka usoni kwake. Nilisubiri akasirike na nilijua ana haki. Akakaa, kiti kikalalamika.

"Kwa hivyo senene hazikai hivi?"

"Senene ni mdudu mdogo wa kijani," Shangazi akasema, sauti imekauka. "Kama panzi."

"Panzi," akarudia. "Panzi tu." Akatikisa kichwa. "Koku, mimi nimekula nne hivi. Alhamisi, kwa Sophea. Na nge moja, kwa barabara. Nilidhani ndio kwenu."

Shangazi alimwangalia huyu mwanaume anayekung'uta ndala. Alijua habari ya buti, alijua kila kitu. Nikaona midomo yake inataka kucheka, ikaacha, ikataka kitu kingine, ikaacha. Halafu akavuta kiti chake mbele. Sheria ilikuwa yake, na sahani ilikuwa mbele yake, imeletwa na mgeni kwa mikono miwili. Alichukua mmoja kwa vidole viwili, akavunja mguu, akafumba macho, akautia mdomoni. Tulisikia unavunjika. Alitafuna muda mrefu. Akavunja wa pili.

"Kama kaa," akasema bila kufumbua macho. "Yule wa baharini, wa kukaanga." Akameza. Kisha akasimama ghafla akaenda chumbani, na sisi tukaangaliana, tukasikiliza kama anatapika. Tulichosikia ni droo.

Alirudi na kitenge kimekunjwa, kipya, cha kijani chenye tausi wa njano. Akakiweka mapajani kwa Anko Kamau. Ile sehemu ya nguo hakuna aliyekuwa amemweleza maskini, kwa hiyo alishukuru, akakikunjua, akaanza kufuta vidole.

"Thubutu," akasema Shangazi. "Hiyo si ya mikono. Aliyekula ndiye anayetoa nguo. Nimekula, nimetoa. Kashone shati." Akageuka kuosha uso kwenye sinki, na akiwa ametupa mgongo mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko chake kilipotoka kikajaa nyumba nzima.

Nilidhani nimesahaulika. Nikachota ndizi. Mkono wa Shangazi, umelowa maji, ukaisogeza ile sahani mpaka ikagonga yangu.

"Na wewe. Nasikia miguu ndiyo tamu."

"Shangazi, waya za meno."

"Anza na mguu," akasema Anko Kamau kwa upole wa mwalimu. "Usiangalie macho."

Basi nikala. Mwanzo ni chumvi, kisha sukari, kisha saumu, kisha ule mguu unavunjika na ndani yake kuna kitu laini, kidogo, ambacho nilikuwa nimekiandika kwenye bango kwa maneno ya watu wengine. Nilitafuna polepole ili nisipitwe. Wote wawili walikuwa wameinama mezani, wananiangalia mdomo.

"Ehe?" akauliza Shangazi.

Nikanyoosha mkono kuchukua mwingine, na Anko Kamau akaivuta sahani upande wake.